Jibu kwa kocha wa epee aliyekabidhiwa wanapentatloni

Swali lililonifikia, kwa ufupi: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ninafundisha epee, ule mchezo wa upanga, kwenye klabu moja huku Ujerumani. Msimu huu nimekabidhiwa vijana wanne wa pentatloni ya kisasa, mchezo wa fani tano ambao epee ni mojawapo, wanaoiwania Los Angeles 2028. Kinachoniumiza kichwa ni kanuni. Kila Olimpiki ikipita zinageuzwa: kulikuwa na raundi ya kila mtu kukutana na kila mtu, ikaongezwa ya bonasi, sasa watu wanazungumzia mtoano. Nikiwaandaa kwa mfumo huu, mwakani utakuja mwingine. Nifundishe nini hasa? Na je, niwabadilishie mpini? Wawili wanashika wa Kifaransa, ule ulionyooka, wawili wa bastola, ule unaoshikwa kama bunduki ndogo."

Marahaba, kocha. Makocha wengi wanaotoka kwenye epee ya kawaida hudhani wamepewa mchezo wanaoujua, ila umefupishwa. Kwa macho ndivyo unavyoonekana. Upanga ni uleule wa sentimita 90, mwili wote ni shabaha tangu kidole cha mguu hadi barakoa, na ncha bado lazima ihimili uzito wa gramu 750 unaowekwa na mwamuzi kabla ya pambano. Epee ya kina Alexandra Ndolo, ambaye mwaka 2022 kule Cairo alichukua fedha ya dunia akiwa bado anaiwakilisha Ujerumani kabla ya kuhamia Kenya, ni ya miguso 5 kwenye makundi na 15 kwenye mtoano. Mchezaji ana nafasi ya kupeleleza. Anaweza kupoteza mguso mmoja kwa makusudi ili ajue mpinzani anakinga upande gani. Na akishaongoza 14 kwa 12, anachotafuta ni mguso wa pamoja tu, maana wote wawili hupata pointi na yeye ndiye anayefika 15.

Kwenye raundi ya pentatloni hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Mguso ni mmoja. Mguso wa pamoja hauhesabiwi, mnarudi kwenye mstari na kuanza tena huku saa ikiwa imekula sekunde zenu. Muda ni dakika moja, na ikiisha bila mguso, wote wawili wameandikiwa kushindwa. Chukua kijana wa klabu yako aliyezoea kujibu shambulio kwa kunyoosha mkono haraka na kuridhika na taa mbili, yaani mguso wa pamoja unaowasha taa za wote wawili. Mlete kwenye pentatloni uone atakavyohangaika: taa mbili zinawaka mara tatu mfululizo, saa inakwenda, na mwisho wake anachomwa mkononi akiwa amekasirika. Hilo ndilo la kwanza kurekebisha, na halitegemei kanuni ya mwaka gani. Mchezaji wako ajifunze kugusa akiwa ameufunga upanga wa mwenzake, asiguse huku akiuacha huru.

Sasa tuje kwenye kanuni. Ushauri wangu ni kwamba kanuni mpya ikitoka usianze kwa kuuliza "tubadilishe mazoezi gani?" Uliza kwanza mguso mmoja sasa unauzwa kwa bei gani.

Pentatloni hufungwa na mbio za leza, yaani kukimbia na kulenga shabaha kwa bastola ya leza, ambako anayeongoza huondoka wa kwanza na wengine hufuata kwa tofauti yao ya pointi, pointi 1 kwa sekunde 1. Huko Rio 2016 na Tokyo, wachezaji 36 walikutana wote, yaani mapambano 35 kwa kila mmoja. Kushinda 25 kulikupa pointi 250, na kila ushindi juu au chini ya hapo uliongeza au kupunguza pointi 6. Kwa hiyo mguso mmoja ulikuwa sekunde 6 za kutangulia kwenye mbio. Kwenye kuogelea mita 200, Tokyo ilihesabu pointi 1 kwa kila nusu sekunde, hivyo mguso uleule ulikuwa sawa na sekunde 3 majini. Kaa na kocha wa kuogelea umuulize itamchukua muda gani kumshusha mtu kutoka 2:03 hadi 2:00. Akikujibu "msimu mzima, kama tutafika", utajua kwa nini saa mbili za ziada za epee kwa wiki zilikuwa biashara nzuri.

Lakini ushindi mmoja kwenye raundi ya bonasi, ile fupi ya nyongeza, kwa mfumo uleule ulikuwa pointi 1 tu. Sekunde moja. Nilishangaa sana wakati ule kuona makocha wakitumia wiki nzima kuigiza bonasi, eti kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mpya na ndiyo iliyoonekana kwenye televisheni. Umpya wa kanuni hauiongezei thamani. Fanya hesabu kwanza, kisha ugawe saa zako.

Paris 2024 ilibadilisha bei kwa njia nyingine ambayo wengi hawakuiona mapema. Raundi ya kupanga nafasi ilichezwa peke yake tarehe 8 Agosti katika ukumbi wa Villepinte, na pointi zake zikabebwa hadi nusu fainali na kisha fainali pale kwenye kasri la Versailles, ambako yote yaliyobaki yalibanwa ndani ya dakika 90 hivi. Maana yake ni kwamba siku moja mbaya ya epee ilikudai mara mbili. Hukuwa na siku nyingine ya kuifuta. Kwa mtazamaji bonasi ya Versailles ndiyo iliyokuwa "epee ya fainali", lakini kwa kocha, kazi kubwa ilikuwa imeshaisha siku kadhaa kabla, kwenye ukumbi usio na kasri wala bustani.

Na bado, tazama majina. Élodie Clouvel wa Ufaransa alichukua fedha Rio, akachukua fedha tena Paris, na katikati mfumo ulikuwa umepinduliwa. Ahmed Elgendy wa Misri alikuwa wa pili Tokyo kwa mfumo wa zamani, kisha akashinda Paris kwa pointi 1555, rekodi ya dunia, kwa mfumo mpya. Kama kanuni ndizo zingekuwa zinaamua nani anajua mchezo, watu hawa wangepotea. Mkono na miguu ya mchezaji havijui kanuni za mwaka huu. Vinajua umbali, vinajua wakati wa kuondoka, vinajua kusoma bega la mpinzani. Huko ndiko wekeza sehemu kubwa ya mwaka.

Nikueleze somo moja kwa karibu, maana maneno ya jumla hayafundishi mtu. Simama mbele ya mchezaji wako, umbali wa yeye kukufikia mkono kwa hatua moja fupi. Nyoosha upanga wako, naye aweke ncha yake chini kidogo ya kikombe cha upanga wako, ile ngao ya kukinga kiganja, bila kugusa. Mnatembea: unarudi, anakuja, unakuja, anarudi, ncha haitoki pale. Hapo katikati inua kifundo chako upana wa vidole viwili tu. Asipochoma wakati huohuo, amechelewa, endelea kutembea usimwambie kitu. Akichoma, jibu mara moja kwa kunyoosha kuelekea kifuani kwake. Sasa ndiyo kazi inaanza: mguso wake wa mkononi lazima uwe na mlango wa kufunga. Kikombe chake kiwe kimesukuma upanga wako nje, au miguu iwe imeshamtoa, au awe amepita ndani na kukaba. Taa mbili zikiwaka, unasema "hakuna" na mnarudi mwanzo. Usimsifu kwa taa mbili hata kama yake iliwaka kwanza kwa nukta. Baada ya siku chache utaona mwili wenyewe unaanza kukataa mashambulizi yasiyo na ulinzi.

Somo hilo likishaingia, ongeza saa. Hapa ndipo makocha wa epee ya kawaida huwa wavivu, samahani kusema. Weka pambano la mguso mmoja lenye sekunde 15 zilizobaki, sifuri kwa sifuri. Wachezaji wengi hujificha. Wanasubiri mwenzao akosee, saa inalia, wote wawili wamepoteza. Waonyeshe hesabu kwa kalamu: ukibaki umesimama, unapata sifuri kwa uhakika. Ukishambulia ukiwa na nafasi 4 kati ya 10 tu za kufaulu, kwa bei ya pointi 6 umejipatia wastani wa pointi 2.4. Kwa hiyo hata shambulio lisilokupendeza ni bora kuliko saa kulia. Kuna jambo moja la kuangalia: kama aliye mbele yako ni mpinzani mnayebanana naye kwa nafasi, ushindi wake unakuumiza zaidi kuliko wa mtu aliye mkiani, na hapo hesabu inapungua. Lakini kwa wapinzani wengi, nenda.

Kuhusu kupeleleza, nilisema mchezaji wa mguso mmoja hana nafasi ya kupeleleza ndani ya pambano. Basi apeleleze nje. Katika raundi ndefu yuko ukumbini saa nyingi, na sehemu kubwa ya muda huo yuko nje ya ulingo. Mpe daftari dogo. Kila mpinzani mstari mmoja: mkono wa kushoto au kulia, anapenda kuanza au kusubiri, akibanwa anakimbilia wapi. Usimruhusu aandike insha. Vijana wa siku hizi watataka kurekodi kwa simu, nao watarudi nyumbani na video nyingi ambazo hakuna aliyezitazama kabla ya pambano lililohusika.

Na wafundishe kushindwa. Nasema hivi nikiwa na maana kabisa. Aleksander Lesun wa Urusi alipoweka rekodi ya epee ya Olimpiki huko Rio alishinda mapambano 28 kati ya 35, na mwisho wa siku akavaa dhahabu. Ina maana siku yake bora kuliko zote alichomwa mara 7. Mchezaji wa kiwango cha juu lazima ajue kwamba atapoteza, na kwamba la hatari ni kupoteza matatu mfululizo kwa sababu ya lile la kwanza. Mazoezini ninasisitiza utaratibu uleule kila baada ya pambano: salamu, kuchomoa waya, kuvua barakoa, maji, mstari mmoja daftarini, kukaa. Aliyeshinda na aliyeshindwa wanafanya vilevile. Ukiangalia kwa mbali usiweze kujua nani kashinda.

Bonasi na mtoano ni mifumo miwili inayodai vitu vinavyopingana, na hapo ndipo maandalizi ya mwisho yanapotofautiana. Bonasi ilipanda kama ngazi: wa mwisho alikutana na aliyemtangulia, mshindi akabaki kupambana na aliye juu yake, hivyo hivyo hadi wa kwanza, kila pambano sekunde 30. Aliye chini huingia akiwa bado baridi, na akishinda hapumziki. Aliye juu husubiri wenzake wote wamalize, kisha anaitwa kwa pambano moja dhidi ya mtu aliyekwishapata moto. Kwa hiyo wa chini alihitaji kupashwa moto hadi jasho kabla ya kuanza, na wa juu alihitaji kufundishwa kusubiri: kucheza kwa miguu pembeni, kupigana mguso mmoja na kocha kila baada ya dakika chache, kutotazama ubao. Mchezaji mmoja anaweza kuwa wa juu Machi na wa chini Juni, kwa hiyo wote wajue yote mawili.

Mtoano una hesabu nyingine, nayo inatisha kidogo. Mchezaji anayeshinda mapambano 7 kati ya 10 ni mchezaji mzuri sana kwenye raundi ndefu. Mwambie ashinde manne mfululizo na nafasi yake inashuka chini ya robo, asilimia 24 tu. Ukikuta mtoano wa mguso mmoja, basi, jua kwamba bahati imepewa kiti cha mbele, na kinachobaki mikononi mwako ni nafasi anayoingia nayo kwenye jedwali. Yaani raundi ya kupanga nafasi inapanda bei. Ukikuta mtoano wa miguso kadhaa, mambo yanageuka. Mwenye nafasi 6 kati ya 10 za kupata kila mguso, katika pambano la kwanza kufika 3 atashinda mara 68 katika 100. Hapo ule ujuzi wako wa epee ya kawaida, wa kupeleleza na kujenga, unarudi kuwa na faida, na ninyi watu wa klabu mtafurahi. Kwa hiyo kanuni mpya zikikufikia, tafuta mistari mitatu kwanza: miguso mingapi, muda kiasi gani, na taa mbili zinahesabiwaje. Mengine yote ya kurasa zile yanaweza kusubiri jioni.

Kuna badiliko moja ambalo halimo kwenye sura ya epee kabisa, nalo ndilo litakalokusumbua zaidi kuelekea Los Angeles. Baada ya sakata la Saint Boy, farasi aliyegoma kuruka na kisha kupigwa huko Tokyo, shirikisho la kimataifa, UIPM, liliamua kuondoa upandaji farasi baada ya Paris na kuweka mbio za vikwazo: kuning'inia, kushika mapete, kupanda ukuta. Vijana wako sasa wanafanya mazoezi ya kukamata kwa nguvu mara kadhaa kwa wiki. Epee ya mguso wa mkononi inachezwa na vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, na vingine vinasaidia tu. Mtu aliyetoka kuning'inia kwenye mapete ana kigasha kigumu, vidole vimefunga, ncha inatetemeka. Ukimpa lile somo la kifundo nililokueleza, utafikiri amesahau kila kitu, kumbe misuli imechoka. Kaa na kocha wa vikwazo mpangiane siku. Epee asubuhi, vikwazo jioni, kamwe kinyume chake kwenye wiki za ufundi. Halafu, mara moja kwa wiki mbili hivi, fanya kinyume kwa makusudi, mapambano tu bila mafundisho, ili wazoee kupigana na mkono usiotii.

Vifaa nisivirefushe. Kwenye miguso 15, ncha ikigoma mara moja umepoteza kidogo. Kwenye mguso mmoja umepoteza pambano zima. Skrubu mbili ndogo za ncha hulegea kwenye siku ya mapambano mengi, kwa hiyo zikaguliwe wakati wa mapumziko na si pale mwamuzi anapokuita. Mchezo huu una kumbukumbu yake chungu ya waya: Montreal 1976, Boris Onishchenko wa Umoja wa Kisovieti alikutwa na upanga uliotengenezwa kuwasha taa bila kugusa mtu, akafukuzwa, na timu yake ikaondoka naye. Tangu hapo ukaguzi hauna mzaha, na kijana anayefika na upanga unaoyumba kwenye kipimo anaanza siku akiwa na wasiwasi asiouhitaji.

Mpango wa mwaka, basi, kwa maoni yangu: tangu vuli hadi mwisho wa baridi usiguse mfumo wa mashindano. Umbali, kufunga upanga, mguso wa mkono, saa ya sekunde 15. Wakope wachezaji wa klabu yako wapigane na hawa wanne, lakini kwa mguso mmoja na taa mbili zisihesabiwe, la sivyo unawafundisha tabia mbaya bure. Watafute wa mkono wa kushoto kwa bidii. Wiki sita hivi kabla ya shindano la kwanza ndipo uigize mfumo wa mwaka huo kamili, pamoja na kusubiri kwake, kelele zake na ratiba yake. Kanuni zikibadilishwa katikati, umepoteza wiki sita, hukupoteza mwaka. Na usisahau kuwa epee si yote: Chloe Esposito wa Australia alianza mbio za leza za Rio akiwa wa saba, sekunde 45 nyuma ya Oktawia Nowacka wa Poland aliyekuwa akiongoza, akamaliza wa kwanza. Ukiona kocha wa mbio anadai saa zako, msikilize kabla ya kukataa.

Mpini sasa. Wa Kifaransa, ukishikwa mwishoni, unakupa sentimita kadhaa za kufika mbali, nazo ni nyingi unapowinda mkono. Gharama yake ni nguvu ya kufunga: mpinzani akiupiga upanga wako kwa nguvu, unakwenda nao. Wa bastola unafunga vizuri zaidi na kusaidia pale mnapokaribiana. Kwa kuwa taa mbili ni bure, mimi ningemwelekeza kijana mpya kwenye bastola. Lakini hao wako wameshafika kiwango cha juu, na kubadilisha mpini ni kumrudisha mtu nyuma miezi kadhaa. Wawili wa bastola waache. Kati ya wale wa Kifaransa, aliye mrefu mwenye miguu mizuri ya kurudi nyuma abaki nao, maana umbali ndio silaha yake. Mfupi anayependa kuingia ndani mjaribishe bastola mwezi huu, kabla msimu haujaanza, kwa mapambano 20 ya mguso mmoja kila Ijumaa, na uandike matokeo ya mipini yote miwili pembeni kwa pembeni. Namba zikishakuwa mezani hatabishana nawe, wala wewe hutabishana naye.